WASISEME HAWAKUJUA!

Ndugu wafanyakazi wa machimbo, ndugu wenyeji wa Kindu,

Wako watu wanaotuambia hata leo kwamba Mfalme Leopold II hakujua yaliyotendwa Kongo kwa jina lake. Eti mambo yalifichika msituni. Huo ni uongo, na shahidi tunaye. Mto huu unaopita Kindu unashuka hadi Kisangani, palipoitwa zamani Stanley Falls. Huko ndiko shahidi huyo alikoandika barua tarehe 18 Julai 1890, akaipeleka kwa mfalme mwenyewe.

Jina lake George Washington Williams, mtu mweusi wa Marekani, aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1849. Akiwa na miaka 14 tu aliingia jeshi lililopigana na wenye watumwa. Mwaka 1875 alianzisha gazeti mjini Washington, The Commoner. Alisoma sheria, akawa wakili. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika baraza la kutunga sheria la Ohio, na mwaka 1882 alitoa kitabu kikubwa cha historia ya watu weusi wa Marekani.

Mwaka 1889 alionana na Leopold, akasadiki maneno yake matamu juu ya kufuta utumwa. Lakini hakutosheka na maneno. Alipanda meli, akaja kuona kwa macho yake.

Barua yake ilikuwa na mashtaka 12, yamepangwa moja moja kama mbele ya hakimu. Alieleza jinsi machifu walivyodanganywa. Mzungu alificha umeme ndani ya koti. Alipompa chifu mkono, chifu akatetemeka, akaambiwa hizo ndizo nguvu za Wazungu. Mzungu akawasha sigara kwa kioo na jua, akadai kwamba akiliomba jua, litachoma kijiji. Hivyo ardhi ikatolewa kwa masanduku machache ya pombe. Wafungwa walifungwa shingoni kwa minyororo ya ng'ombe. Na Serikali ile ya Bula Matari, iliyojisifu kwamba inafuta utumwa, ilinunua wanaume kwa pauni 3 kila kichwa ili kuwafanya askari!

Septemba 1890 aliiandikia pia serikali ya Marekani, akayaita mambo hayo uhalifu dhidi ya ubinadamu. Jina hilo ndilo dunia ililolitumia Nuremberg mwaka 1945 kuwahukumu wakubwa wa Wanazi.

Je, barua ilipotea? Hapana. Ilichapwa, magazeti ya Marekani na Ulaya yakaitangaza, na mwaka 1891 Bunge la Ubelgiji likabishana juu yake. Watu wa mfalme walifanya nini? Walimchafulia mwandishi jina. Tarehe 2 Agosti 1891 Williams akafa kwa kifua kikuu huko Blackpool, Uingereza, naye ana miaka 41. Waliochukia barua yake wakapumua. Mateso makubwa ya mpira yakafuata, na Leopold akaishika Kongo mpaka mwaka 1908. Hesabuni wenyewe: miaka 18 tangu barua ile. Waliojua walikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni haya.

Basi kwa nini wazee wetu shuleni walikaririshwa jina la Stanley, na la Williams wasilisikie kamwe? Kwa sababu Stanley alikusanya karatasi zenye alama za machifu wasiojua kusoma, na Williams alizisoma karatasi hizo kwa jicho la wakili.

Sisi makarani tunajua nguvu ya karatasi. Kilo isiyoandikwa hailipwi. Mtu asiyeandikwa katika daftari husemwa hakufika kazini. Kwa hiyo, ndugu, usitie kidole kwenye karatasi usiyosomewa. Na ukiona dhuluma, andika: siku gani, mahali gani, nani alitenda, kiasi gani. Kama hujui kuandika, mwite mwanao akuandikie. Williams alikufa mapema, lakini barua yake ipo, na kwa barua hiyo leo hakuna awezaye kutuambia kwamba hawakujua.