Diploma Moja, Mashine Moja

Leo nina hasira, ndugu msomaji. Nimetoka Maganzo, jirani na Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Zaidi ya miaka 80 tunachimba mawe yanayong'aa, lakini bushi ya krasha ikiisha tunapiga simu Dar!

Fundi yupo. Ana mashine ndogo ya kukereza chuma, anazungusha mikono yake kutwa nzima, bushi moja baada ya nyingine. Mlango wa pili yupo kijana mwenye diploma ya kompyuta, anasubiri ajira. Wanasalimiana tu, basi.

Jamani, hawa wawili wanatosha! Funga mota mbili kwenye skrubu zinazosogeza kisu, unganisha bodi ya Arduino, pakia GRBL, programu ya bure, halafu kompyuta kuukuu itume amri. Si miujiza. Printa ya 3D hutembea kwa mota za aina hiyohiyo, na vijana wa STICLab pale Dar wameshaziunda kwa taka za elektroniki.

Mtasema umeme hukatika. Kweli, ukikatika mota hupoteza hesabu, kipande huharibika. Mtasema skrubu za zamani zimelegea, vipimo vitadanganya. Kweli pia. Lakini nani atajua kuzikaza kama si fundi huyo mnayembeza kwamba ni darasa la saba?

Wasomi wenzangu, tusisubiri mwekezaji atuletee hata bushi. Nenda karakana, mwamkie mzee shikamoo, muulize mashine yake inaumwa wapi. Kisha ndipo ufungue laptop yako.