MUHURI WA NYAMA USILALE KWENYE DROO



Reli haijafika Garissa mpaka leo. Tumesikia habari za njia ya kutoka Lamu kupita Garissa kwenda Isiolo, lakini njia hiyo bado iko katika karatasi. Hata hivyo sisi watu wa reli twala nyama ya Garissa. Ng'ombe na mbuzi wa soko lile hupakiwa katika malori, huvuka daraja la Tana, wakafika Nairobi na Mombasa, na sisi tulio katika stesheni twapata sehemu yetu mshahara ukitoka. Kwa hiyo mambo ya nyama ya Garissa si ya wafugaji peke yao. Ni mambo yetu pia.

Twaandika haya kwa sababu ya jambo lililotupata. Mwisho wa mwezi mmoja tulichanga fedha watu sita, tukaenda kununua nyama ya mbuzi. Mwenzetu mmoja akauliza, "Mzee, mbona sioni muhuri?" Mwenye bucha akacheka. Akavuta droo ya meza, akatoa muhuri wenyewe, akasema, "Mwataka muhuri? Huu hapa. Niupige mara ngapi?" Nasi tukacheka, tukanunua, tukala. Lakini usiku mwenzetu mmoja, mkaguzi wa mabehewa, alisema neno ambalo halijatutoka: "Kama mimi ningemwachia dereva kitabu changu cha saini, nani angepanda treni?"

Hilo ndilo jambo lenyewe. Abiria haingii chini ya behewa kutazama breki. Analala usingizi kwa sababu anaamini kuwa yuko mtu aliyekwisha tazama, na kwamba mtu huyo ana ruhusa ya kusema "behewa hili haliendi" hata bwana mkubwa akikasirika. Mlaji naye hana macho ya kuona ndani ya ini la ng'ombe. Yapasa mkaguzi amtazame mnyama angali hai, kisha amtazame tena baada ya kuchinjwa, ndipo apige muhuri. Muhuri usio na mtu nyuma yake ni wino tu.

Watu wa Garissa wayajua haya kwa machozi. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa ilinyesha Kaskazini Mashariki na nchi ikafurika. Katika Desemba ikajulikana kuwa homa ya Bonde la Ufa imeingia Garissa na Ijara. Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Wataalamu wa mifugo waliuandika mara ya kwanza mwaka 1931, walipouona kwa kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Mayai ya mbu wake hulala katika ardhi kavu miaka mingi, na mafuriko yakija mbu huanguliwa pamoja na ugonjwa. Mwaka 1997 na 1998 ulikuwa umekwisha ua watu katika nchi ile ile ya Garissa. Safari hii, mpaka ulipokoma mwaka 2007, wagonjwa waliohesabiwa Kenya walikuwa zaidi ya 600, na waliokufa walizidi 150.

Sasa tazameni jinsi habari zilivyokwenda. Wataalamu waliotazama mvua na majani kwa setilaiti walitoa onyo kabla ya mtu wa kwanza kuugua. Wafugaji wa Kisomali nao waliona mbu wengi kuliko kawaida, wakaona mimba za mifugo zikitoka, na damu ikitoka puani mwa wanyama. Wana jina la ugonjwa huo, sandik, kwa sababu ya damu hiyo. Watafiti waliokuja kuwauliza baadaye walikuta kuwa wafugaji waliutambua ugonjwa kabla ya serikali kuuthibitisha. Kutoka mnyama wa kwanza kuugua mpaka mtu wa kwanza kuugua zilipita kama siku 17. Siku 17 ni nyingi kwa mtu aliye tayari. Lakini chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007, watu wamekwisha zikwa.

Kisha kukaja amri. Kuchinja Garissa kukakatazwa, mifugo isihamishwe, masoko yakafungwa. Hatusemi kwamba amri ile ilikuwa mbaya. Taa nyekundu ikiwaka, treni husimama. Lakini mfugaji hakuuza, dalali hakupata kitu, mpakiaji na dereva wa lori walikaa bure, mwenye bucha akafunga mlango. Hasara ya nchi nzima imekadiriwa kuwa zaidi ya Sh. bilioni 2. Aliyetia saini amri alipata mshahara wake kama kawaida. Mwenye mbuzi ndiye aliyebeba mzigo.

Je, mtu aliyeadhibiwa hivyo atasema tena upesi mnyama wake akiugua? Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini na tuulize pia ni nani anayemfundisha mtu kuficha. Mfugaji mwenye ng'ombe anayekaribia kufa humchinja haraka asije akawa nyamafu, maana nyamafu ni haramu na ng'ombe yule ndiye mali yake yote. Hapo ndipo mikono yake huingia katika damu yenye ugonjwa.

Na hapa liko jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa. Wazee wetu wa kazini wasimulia kuwa mwaka ule waliacha nyama kabisa, wakaogopa hata kumpa mkono mtu aliyetoka Garissa. Lakini ugonjwa huu haukujulikana kupita kutoka mtu kwa mtu. Nyama iliyopikwa ikaiva sawasawa, na maziwa yaliyochemshwa, hayana hatari hiyo. Hatari kubwa iko kwa anayechinja, anayechuna, anayemzalisha mnyama mgonjwa, anayekunywa maziwa mabichi, na anayeumwa na mbu. Maana yake, mtu wa kwanza kuhatarishwa ni mfanya kazi wa machinjioni, ndugu yetu asiye na glavu, asiye na buti. Sisi tulimwogopa Msomali mzima, naye mchinjaji hakuna aliyemkumbuka.

Ugonjwa ule haukuisha. Juni 2018 ulionekana Wajir. Mwishoni mwa 2020 na mwanzo wa 2021 ulionekana Isiolo, Mandera na Garissa. Utarudi, kwa kuwa mvua hurudi.

Wengine watasema kwamba dawa ni serikali kutangaza kwa ukali. Basi na wakumbuke sukari. Juni 2018 sukari ya magendo ilikamatwa mahali pengi. Waziri mmoja alitangaza kuwa ina zebaki. Waziri mwingine akawaambia Wabunge kwamba vipimo havikuonyesha zebaki. Agosti ripoti ya kamati ikakataliwa Bungeni. Mama wa Garissa, ambako sukari ya kupitia Kismayu imeuzwa miaka mingi, aamini yupi? Alitia sukari katika chai ya watoto, akamwachia Mungu. Tena Mei 2023 tukasikia kuwa magunia 20,000 ya sukari iliyoingizwa nchini 2018 na kukataliwa kuwa haifai kuliwa yalitolewa ghalani kinyume cha sheria. Maofisa 27 wakasimamishwa kazi. Dereva akiona taa nyekundu leo, kesho aambiwe ilikuwa kijani, kesho kutwa hataitazama tena.

Wako pia wenzetu wasemao, "Maskini hutazama bei, mambo ya muhuri ni ya matajiri." Hatukubali. Tajiri akiugua ana daktari wake. Mfanya kazi akilala kitandani majuma mawili, watoto hulala njaa. Anayehitaji mkaguzi kuliko wote ni yule asiyeweza kununua mahali pengine.

Basi twasema hivi:

Kwanza, Katiba ya 2010 imeweka machinjio na huduma za mifugo mikononi mwa kaunti. Kaunti ziajiri wakaguzi wa kutosha, ziwape usafiri, na muhuri ukae na mkaguzi. Mkaguzi akikataa nyama asihamishwe kwa sababu hiyo.

Pili, mfugaji anayetoa habari za ugonjwa mapema alipwe fidia ya mnyama wake. Fidia ya mbuzi kumi leo ni nafuu kuliko kufunga masoko ya jimbo zima kesho.

Tatu, mvua kubwa zikitabiriwa, chanjo ifike kabla ya mafuriko, barabara zingali zapitika.

Nne, wachinjaji na wachunaji wapewe glavu, buti na aproni, na wasikatwe mshahara kwa ajili ya vitu hivyo. Hili ni la vyama vya wafanya kazi, wala tusingoje mtu mwingine atusemee.

Tano, ugonjwa ukitokea, waseme watu wa afya na watu wa mifugo kwa sauti moja, kwa Kiswahili na Kisomali, redioni na misikitini. Watuambie lipi la hatari na lipi si la hatari.

Na sisi wenyewe tusijitoe katika lawama. Tulipoonyeshwa muhuri ndani ya droo tulicheka, kisha tukalipa. Fedha yetu ndiyo iliyomwambia mwenye bucha kuwa hakuna neno. Mwezi uliofuata tulirudi watu sita wale wale, tukamwambia kuwa hatununui mpaka nyama ipite kwa mkaguzi. Alikasirika. Siku tatu baadaye alitupigia simu, akasema mkaguzi amekuja. Tulikwenda, tukamkuta mkaguzi mwenyewe, na muhuri mkononi mwake.

Sita tuliweza katika bucha moja. Kila tawi la chama likifanya hivyo, itakuwaje?

Umoja ni nguvu.