Filamu za kimya za wakati wa ukoloni: nani atazipigia muziki?

Filamu za zamani zisizo na sauti zinaendelea kuvuta watu huko Ulaya, zikisindikizwa na wanamuziki wenye kupiga papo hapo mbele ya watazamaji. Mjini Pordenone, Italia, kuna tamasha lake la kila mwaka, lililoanza 1982. Mjini Brussels, Cinematek huzionyesha pamoja na piano. Kwa Wakongo, jambo hili si burudani tu. Kati ya filamu hizo kuna zile zilizopigwa hapa kwetu, zikionyesha babu zetu, na nyingi zimehifadhiwa Ubelgiji.

Muziki una uzito gani?

Hata zamani, filamu hizi hazikuwa kimya kabisa. Ukumbi mdogo ulikuwa na mpiga piano, ukumbi mkubwa ulikuwa na okestra. Filamu zenye mazungumzo zilipoenea baada ya 1927, kazi hiyo ikaisha.

Lakini muziki huo haukuwa pambo. Mwaka 2008, sehemu zilizopotea za filamu ya Kijerumani Metropolis zilipatikana Buenos Aires. Karatasi za muziki wake wa 1927, ulioandikwa na Gottfried Huppertz, ndizo zilisaidia mafundi kujua kila kipande kikae wapi.

Muziki pia unaamua mtazamaji aone nini. Chukua picha ya watu wenye kubeba mizigo njiani. Ipigie muziki wa shangwe, utaona maendeleo. Ipigie wimbo wa maombolezo, utaona kazi ya lazima. Wapenzi wa sinema zenye kutafsiriwa kwa Kiswahili wanalijua hili: mtafsiri mmoja anaweza kugeuza filamu ya huzuni ikawa kichekesho.

Nani alisema, nani alinyamaza?

Mwaka 1927, Mbelgiji Ernest Genval alitoa filamu ya kusifu kazi ya ukoloni, ambayo jina lake lina maana ya « Kongo inayoamka ». Katika filamu za namna hiyo, maneno yaliyoandikwa kati ya picha yalikuwa ya mzungu. Mkongo alionekana, hakusikika.

Mjadala wa kurudisha mali ya Kongo unagusa zaidi vinyago. Mwezi wa sita 2022, Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho. Filamu ni rahisi zaidi: nakala ya kidijitali haihitaji sanduku wala ndege. Kinachohitajika ni ruhusa ya mwenye kuihifadhi, projekta, kitambaa cheupe na jenereta.

Ila kupokea nakala peke yake hakutoshi. Ikionyeshwa na muziki uleule wa Brussels, tutabaki watazamaji wa hadithi ya wengine. Wapiga likembe, ngoma na gitaa wa Bukavu, Goma au Lubumbashi wangeweza kuisindikiza.

Kuna hatari pia: muziki wetu unaweza nao kudanganya, kwa kufanya kila sura iwe ya mtu anayelia. Dawa yake ni kuonyesha filamu mara mbili, kwanza kimya, kisha na muziki, halafu wazee wapewe nafasi ya kusema waliyosimuliwa na wazazi wao. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Filamu zinaweza kungoja, wao hapana.