Shangazi alikuwa na mawe, sisi tukamtibu vidonda

Kila Idd ya kuchinja kule kwetu Lushoto kuna kazi moja ambayo mtoto haruhusiwi kuigusa. Kushika miguu atashika, kuchuna atachuna, utumbo atapelekwa nao mtoni akaoshe. Lakini ikifika kutoa nyongo kwenye ini, mzee mwenyewe huinama na kisu chake kidogo na watu wote hunyamaza. Ikipasuka, nyama imeharibika. Ndiyo maana tunasema mambo yametumbukia nyongo.

Sasa jamani, watu ambao tunajua nyongo ya mbuzi ilipo hata gizani, mbona ya kwetu hatujui ilipo? Na sisemi sisi watu wa mitaani tu. Nawasema pia baadhi ya waliovaa koti jeupe.

Shangazi yangu anaishi upande wa Mlalo. Ana watoto saba, mwembamba, kabichi kabeba kichwani tangu akiwa msichana. Miaka kadhaa iliyopita alianza kupata maumivu ya tumbo ya usiku. Yalikuwa yanakuja saa mbili tatu baada ya kula, hasa akila pilau ya harusini au nyama ya mafuta. Yanashika chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka nyuma ya bega, yanakaa saa nzima au zaidi, yanaondoka. Kesho yake anaamka mzima anakwenda shamba.

Nyumbani walisema nyongo imepanda. Akapewa dawa chungu, mwarobaini na nyingine ambazo hata majina yake sikuambiwa. Kwenye zahanati wakasema vidonda vya tumbo. Akapewa dawa za vidonda, akamaliza, akapewa tena, akabadilishiwa, akakatazwa maharage na pilipili. Hayo maharage ndiyo chakula chake! Miaka mitatu inakwenda, mwanamke anakula ugali na mchicha na maumivu yako palepale. Halafu siku moja akapandisha homa, akatetemeka mpaka kitanda kinalia, macho yakawa ya njano na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Akapimwa malaria, hana. Wakasema basi itakuwa taifodi.

Aliyemwokoa ni kijana mmoja tabibu katika kituo kingine, ambaye alifanya jambo ambalo halihitaji umeme wala mashine. Alimlaza, akaweka vidole chini ya mbavu za kulia, akamwambia, "Mama, vuta pumzi ndefu." Shangazi akavuta, katikati pumzi ikakatika kwa maumivu. Kijana akasema twende tukapige ultrasaundi. Mawe matupu. Kifuko chote cha nyongo kimejaa, na moja lilikuwa limeteremka kwenye mrija. Alipelekwa hospitali ya rufaa, akatibiwa, akatolewa kifuko, leo anakula maharage yake.

Mimi si daktari, ni mwandishi wa habari. Lakini kwa sababu ya shangazi nimeuliza na kusoma, na ninachokiona ni kwamba neno letu wenyewe linatuponza. Mtu akitapika kitu cha kijani, ni nyongo. Akiwa na malaria na mdomo mchungu, ni nyongo. Akichoka na kukosa hamu ya kula, ni nyongo. Neno moja limebeba magonjwa kumi, na kwa kuwa limebeba kila kitu, ugonjwa wenyewe wa kifuko cha nyongo haupati nafasi. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba una ugonjwa wa nyongo atakuambia pole, kunywa mwarobaini.

Ukweli ni huu. Nyongo hutengenezwa na ini, na kazi yake ni kusaidia kusaga mafuta. Ikisubiri kazi huwekwa kwenye kifuko kidogo kilichojibana chini ya ini, kama kile cha mbuzi. Ukila mafuta kifuko hujikamua na nyongo huteremka kwenye utumbo. Mawe hutokea nyongo ikiwa na lehemu nyingi kuliko inavyoweza kuyeyusha, au chembe nyekundu za damu zikivunjika kupita kiasi. Jiwe likiziba mlango wakati kifuko kinajikamua, ndipo maumivu yanakuja. Ndiyo maana ya shangazi yalikuwa yanafuata pilau. Vidonda navyo huuma, lakini mara nyingi huunguza kwenye chembe cha moyo, na wengi huumwa wakiwa na njaa. Sisemi tofauti hiyo iko wazi kila mara. Nasema angalau mtu aulizwe.

Wanaopata zaidi ni wanawake, hasa waliozaa mara nyingi, watu waliofika miaka arobaini na kuendelea, wanene, na pia waliopungua uzito kwa haraka. Vitabu vingi vimemchora mgonjwa huyu kama mama mnene wa mjini. Mwanamke mwembamba wa Mlalo mwenye watoto saba akiingia chumbani, picha haifanani, basi anaandikiwa dawa za vidonda.

Na hapa nina ugomvi kidogo na wakubwa waliotutangulia. Denis Burkitt, yule daktari wa upasuaji kutoka Ireland ambaye saratani ya taya za watoto ilipewa jina lake, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966. Yeye na mwenzake Hugh Trowell waliandika sana kwamba mawe ya nyongo ni miongoni mwa magonjwa ya watu wa Magharibi, na kwamba Mwafrika wa kijijini, kwa chakula chake cha makapi mengi, huyapata kwa nadra. Mwaka 1981 walitoa kitabu kizima kuhusu magonjwa hayo. Hawakusema uongo. Walisema walichokiona, na hata leo ugonjwa huu kwetu ni mchache kuliko Ulaya. Lakini enzi hizo Uganda ultrasaundi haikuwepo, na mawe mengi ya nyongo hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida. Kitu usichoweza kukiona utakihesabuje? Kutoka "ni nadra" tukateleza mpaka "Mwafrika haugui", na wapo wanaotibu kwa imani hiyo mpaka leo.

Tena tuna sababu yetu wenyewe ya kuyatafuta mawe haya, nayo ni sikoseli. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo, na ukishuka kutoka Lushoto kwenye baridi kwenda tambarare za Korogwe na Muheza unaingia kwenye ukanda wa malaria, ambako sikoseli nayo imezoeleka zaidi. Damu ya mgonjwa wa sikoseli huvunjika kila siku, na mabaki yake hugeuka mawe kwenye nyongo, hata kwa mtoto wa shule ambaye hajawahi kunenepa. Mtoto huyo macho yake huwa ya njano siku zote, kwa hiyo jiwe likiziba mrija watu wanasema ni maumivu yake yaleyale. Nani atashtuka?

Jirani wa nyongo ni kongosho. Hiki ndicho kiungo ambacho hata mchinjaji hakitambui, kinatupwa pamoja na mafuta. Kimelala nyuma ya tumbo la chakula, mbele ya uti wa mgongo. Kinatoa maji ya kusagia chakula, na kinatoa insulini. Kisukari tunakijua sote, lakini ni wangapi wanajua kwamba sukari ikipanda, mara nyingi kongosho imeshindwa kazi au imezidiwa? Mrija wa kongosho na wa nyongo kwa kawaida hukutana kabla ya kuingia kwenye utumbo. Jiwe la nyongo likikwama kwenye mlango huo, kongosho huvimba na kuanza kujisaga lenyewe. Pombe nyingi ya miaka mingi hufanya hivyohivyo, na wazee wetu wa pombe ya miwa na gongo wasijidanganye. Hata minyoo ile mikubwa ya duara inaweza kupanda ikaingia kwenye mrija. Maumivu yake ni ya kati, yanapenya mpaka mgongoni, na mgonjwa hupata nafuu kidogo akiinama mbele. Huyo si wa kupewa dawa aende nyumbani. Ni wa kulazwa, kuwekewa maji na kupimwa damu, kwa sababu ugonjwa huu ukiwa mkali unaua.

Na yupo yule mzee ambaye macho yanageuka njano bila maumivu yoyote, anawashwa mwili, kinyesi cheupe kama udongo, anakonda, na pengine amegundulika na sukari juzi tu. Kwake wasiwasi wa kwanza uwe saratani ya kongosho. Kwetu huyo ndiye anayekaa muda mrefu zaidi kwa waganga, maana hana maumivu ya kumkimbiza hospitali.

Kuna biashara nyingine inanitia hasira: dawa za "kuyeyusha mawe kwa siku moja". Unakunywa mafuta ya zeituni na malimau usiku, asubuhi unatoa vidonge vya kijani chooni, unaambiwa hayo ndiyo mawe. Si mawe. Vidonge hivyo vilipopimwa maabara vilionekana ni mafuta yenyewe yaliyogeuka kama sabuni tumboni. Ndugu yangu, umelipa pesa kununua sabuni.

Nisiwatishe pia. Watu wengi wenye mawe hawaumwi kabisa na hawahitaji kupasuliwa. Kukuta mawe kwenye picha peke yake si hukumu. Kupasuliwa ni kwa anayeumwa au aliyekwisha pata madhara, na si jambo geni: Carl Langenbuch alitoa kifuko cha kwanza kule Berlin mwaka 1882, kabla Wajerumani hawajafika Lushoto na kuiita Wilhelmstal. Mtu anaishi bila kifuko, maana ini linaendelea kutengeneza nyongo.

Ninachodai ni kidogo. Mtu akimaliza dozi ya vidonda na maumivu yakarudi, asipewe dozi ya tatu kabla hajapigwa ultrasaundi. Homa ya kutetemeka ikiungana na macho ya njano na maumivu ya kulia, na malaria haipo, apewe gari la rufaa siku hiyohiyo. Na mashine ikiwepo wilayani awepo pia wa kuiendesha, siyo mgonjwa atoke Mtae kwa barabara ile, afike aambiwe mtaalamu yuko semina. Ultrasaundi ya shangazi ilikuwa shilingi 20,000. Dawa za vidonda za miaka mitatu hatukuwahi kuzijumlisha. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, ni vizuri, lakini bima haisaidii kitu kama kwenye karatasi bado wanaandika ugonjwa usio wenyewe.

Shangazi aliomba mawe yake, ameyaweka kwenye kichupa juu ya kabati, kumi na moja, rangi ya kahawia. Kila mgeni anaonyeshwa. Mwezi uliopita jirani yake mmoja aliyakodolea macho, akauliza, "Bibi weye, hivi yalikuwa yanakuuma mpaka begani?" Kesho yake alfajiri alipanda basi la kwenda Lushoto mjini. Majibu bado sijayasikia.