Bendi Hudumu kwa Nidhamu

Ipo fikra miongoni mwa wapiganaji wenzetu, na hata miongoni mwa ndugu zetu wa polisi, kwamba muziki ni kazi ya walevi, na kwamba bendi haiishi kupita umri wa mwimbaji wake. Sisi hatuikubali fikra hiyo.

Mwaka 1962, mjini London, vijana wa Kiingereza walioshikwa na mapenzi ya bluzi, nyimbo za majonzi za watu weusi wa Marekani, waliunda Rolling Stones. Hata jina walilitoa katika wimbo wa Muddy Waters. Brian Jones, mwanzilishi, alifariki mwaka 1969. Bill Wyman aliondoka katika miaka ya 1990. Mpiga ngoma Charlie Watts akafariki mwaka 2021. Hata hivyo mwaka 2023 bendi ilitoa santuri mpya. Ni kama kikosi: askari hupita, kikosi hubaki.

Lakini ya nini kwenda hadi Ulaya? Afrigo ilizaliwa hapa Uganda mwaka 1975, baada ya bendi ya Cranes kusambaratika. Ukaja mwaka 1979 na vita vyake, yakaja mapinduzi ya 1985, zikabadilika serikali. Moses Matovu akazidi kupuliza saksafoni yake. Zama za Amin vikosi kadhaa vya jeshi navyo vilikuwa na bendi zao, zenye vyombo vya serikali. Ziko wapi? Zilitoweka pamoja na utawala uliozilea. Afrigo, isiyo na bohari wala kamanda, ilitimiza miaka 50 mwaka 2025.

Hapa Kasese na Bwera, ambako magitaa ya Kongo husikika toka ng'ambo ya Mpondwe, vipaji havikosekani. Katika kambi moja tuliyopata kuitumikia, vijana walipiga vizuri mno. Sajini aliyewaongoza alipohamishwa, magitaa yalifungiwa bohari, na ufunguo, twasema kwa haya, ukakaa mfukoni mwetu. Hatukuuliza nani angeshika nafasi yake.

Twaona, basi, kila bendi ya kikosi iwe na naibu kiongozi na wanafunzi, na saa ya mazoezi iandikwe katika ratiba kama gwaride. Askari aliyeteremka doria ya Rwenzori hahitaji hotuba nyingine jioni, hata ikiwa yetu.

Ufunguo ule tumekwisha kuurudisha.