Tuangalie mikono ya binti zetu

Juma hili tuzungumze juu ya saloni.

Masomo ya binti yakikatika juu ya kukosa minervali, wengi wetu tunamtafutia nafasi ya kujifunza kusuka. Ni kazi nzuri. Lakini juzi msichana mmoja tuliyemfundisha alikuja kutusalimia akificha mikono. Vidole vilikuwa vimepasuka. Miezi mingi alikuwa akiosha defriza kwenye vichwa vya watu bila glavu. Alituambia alifikiri ndivyo kazi ilivyo.

Sisi tunaopika sabuni kwa mafuta ya mawese tunaijua soda. Hakuna anayeishika kwa mkono, na mtoto akisogea tunamfukuza. Basi, defriza nyingi zina soda ileile, ao chokaa kali inayofanya kazi kama hiyo. Kwenye sabuni, mafuta yanamaliza ukali wa soda. Kwenye defriza ukali unabaki, juu ya kichwa cha mteja na kwenye vidole vya anayepaka.

Tena kuna wembe. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi siku 7 nje ya mwili, hata kwenye damu kidogo ambayo jicho halioni. Wembe ni wa mtu mmoja. Mashine na mikasi vioshwe kwa sabuni, kisha kwa maji ya javeli. Na toka mpox ilipozuka Kamituga mwaka 2023, tunajua kwamba taulo moja haipaswi kupita shingo hata shingo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa pesa ya kujifunza, tuingie saloni wenyewe, tuulize:

– Glavu ziko wapi, na nani anazinunua?
– Maji safi ya kutosha yako karibu?
– Hewa inapita?

Defriza ikiingia jichoni, tuoshe kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 ao zaidi, kisha twende hospitali. Tusipake mafuta, tusingoje kesho.

Mwenye saloni akisema glavu ni ghali, kasa ya kikundi inaweza kusaidia kununua boksi la kwanza. Msichana wetu alirudi kazini, maana anaihitaji. Mama yake alimnunulia glavu.

Kwenye mkutano ujao, kila mama mwenye binti saloni aje naye. Tutaangalia mikono pamoja.