Mchawi Gani Huyu Asiyevuka Goti?

Jumapili iliyopita, pale Omurushaka, spika za kanisa moja (zile zinazofungwa juu ya bati na kuelekezwa kwetu tuliobaki nyumbani) zilitangaza kwamba ganzi ya paja ni kazi ya adui. Mhubiri akamleta Yakobo kuwa shahidi: si aliguswa pajani? Wenye mapaja yanayowaka moto wakaitwa mbele, na bahasha zao.

Yakobo wa watu alichechemea. Ugonjwa huu hauchechemezi mtu. Tena yeye aliondoka na baraka, hakudaiwa bahasha.

Nimechoka. Kuanzia Kayanga hadi Nkwenda, mtu akifa ganzi paja, hakuna anayemuuliza amevaa nini. Anaulizwa amegombana na nani. Mwenye shamba karogwa na ndugu zake. Mwenye duka kategewa mlangoni, kakanyaga.

Basi nijibiwe swali moja tu. Ganzi hii hukaa ubavu wa nje wa paja, ikija mbele kidogo. Panachoma, panatembea sisimizi, suruali ikipapasa unaruka, lakini ukipafinya unakuta hapana habari. Haishuki chini ya goti. Haiingii paja la ndani. Nguvu za mguu ziko pale pale. Mgonjwa anapanda mlima na mkungu wake wa ndizi kichwani. Ndivyo ilivyo Kyerwa, ndivyo ilivyo Uganda ng'ambo ya mto Kagera, na ndivyo ilivyomshika Sigmund Freud kule Vienna, akaandika habari za paja lake mwenyewe mwaka 1895. Mwaka huo huo daktari Mrusi, Roth, aliupa ugonjwa jina la meralgia parestetika, baada ya kuuona kwa askari wapanda farasi waliokaza mikanda. Sasa mchawi gani huyu mwenye adabu, anayemroga Mnyambo wa huku kwetu na daktari wa Vienna mahali pale pale, na akifika gotini anageuza?

Mpaka ule ni wa mshipa wa fahamu. Unatokea mgongoni kwa chini, unapita chini ya kano ya kinena, jirani na ncha ya nyonga, ndipo unasambaa kwenye ngozi ya paja. Kazi yake ni kuhisi tu, hauendeshi msuli wowote. Ukibanwa pale nyongani, ngozi inapiga kelele. Unabanwa na mkanda, na kitambi, na mimba, na suruali za kubana. Kisukari nacho kinaongeza balaa. Mguu ukiishiwa nguvu au mkojo ukigoma, hilo ni jambo jingine, kimbia hospitali leo hii.

Namjua mnunuzi wa kahawa mmoja huko Nkwenda. Msimu ulipoanza alijifunga mkanda wa hela chini ya shati, umetuna noti, umekaza nyongani alfajiri hadi usiku, tena juu ya pikipiki. Paja la kulia likafa. Watu wakasema wakulima aliowanunulia kwa butura wamemlipiza. (Kwa kweli hao wanaonunua kahawa ikiwa bado ua, kwa bei ya kutupa, ningefurahi wote wachomwe mapaja, maana adhabu nyingine sijaiona.) Mganga akamchanja chale. Nimeziona: zimezama, kwa sababu mwenye paja hakuhisi wembe wala hakuwa na sababu ya kusema basi. Moja ilitunga usaha. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015. Huku kwetu walichobadilisha ni vibao. Mkanda wenyewe hakuna aliyeugusa, kwa kuwa ulikuwa na hela.

Najua kuna atakayeniletea ile hoja ya kila siku: mbona mama fulani alikwenda kwa mganga akapona? Ndiyo, alikwenda akiwa na mimba ya miezi minane! Mganga akaagiza mbuzi, akaagiza pia kila fundo mwilini lifunguliwe, kitenge kikalegezwa. Mwezi uliofuata mama akajifungua, tumbo likashuka, mshipa ukapumua, paja likatulia. Sifa zote zikaenda kwa mganga, na mbuzi pia.